Sefu ya Mtaa wa Rwagasore

Jumatatu: Dar es Salaam hadi Dodoma

Sanduku langu la zana lina kilo 22 na kila mlinzi hulitamani. Stesheni ya treni ya SGR lilipita kwenye mashine, likarudishwa, nikaambiwa nifungue. Drili, tupa za kila umbo, waya za chuma nilizozipinda mwenyewe, kamera nyembamba kama mrija wa soda, na funguo mbichi ambazo hazijakatwa meno. Kijana akaniangalia. Nikatoa kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa na leseni ya biashara, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegawa karata.

"Kwa hiyo kazi yako ni kufungua masefu?"

"Ya watu waliopoteza funguo."

"Na wasiopoteza?"

Akacheka peke yake. Nikapita.

Aliyeniita ni mama mmoja wa Mwanza anayeuza vitenge, namba yangu alipewa na fundi mwenzangu wa mtaa wa Gerezani, Dar. Kwenye simu alisema maneno ambayo nimeshayasikia Tanga, Tabora, Moshi na Lindi: "Fundi, jengo langu hili zamani lilikuwa benki." Sijawahi kuitwa kufungua sefu kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa duka tu. Wote wana benki. Ukiwasikiliza wenye majengo wa nchi hii, utadhani Mjerumani na Mwingereza walikuja kufungua akaunti.

Dodoma nilifika mchana, basi likaondoka jioni. Manyoni na Singida nilizipita nimelala. Nzega niliamshwa na muuza mayai.

Jumanne: Nyegezi na mjini

Asubuhi mawe yakaanza kuonekana. Mtu asiyeijua Mwanza akisikia "jiji la miamba" anadhani ni sifa ya matangazo ya utalii. Si sifa, ni tatizo la ujenzi. Watu wamejenga juu ya mwamba, chini ya mwamba, na wengine wameufanya mwamba kuwa ukuta wa nne wa jikoni. Kutoka stendi ya Nyegezi nilipanda daladala na sanduku langu likalipiwa nauli kama abiria.

Katikati ya mji nilishuka karibu na kiplefti chenye sanamu ya samaki, nikatembea. Duka la mama liko Mtaa wa Rwagasore. Mitaa ya hapa ina majina ya wakubwa wa Afrika wa miaka ile ya uhuru: Kenyatta, Nkrumah, Lumumba, Balewa, na huyu Rwagasore, mwana wa mfalme wa Burundi aliyepigwa risasi Oktoba 1961. Unaweza kufundisha somo la historia kwa kuwatuma watoto wakanunue sukari.

Jengo ni la ghorofa moja, la aina ile ya Wahindi wa zamani: duka chini, familia juu, baraza mbele lenye nguzo za mviringo, na juu kabisa paji la plasta lenye maua na mwaka wa ujenzi. Mwaka wenyewe umepakwa rangi mara nyingi hadi inasomeka 19 na kitu kama 4. Hili halikuchukuliwa 1971. Sheria ya mwaka ule ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 yakahamia Shirika la Nyumba. Hili lilikuwa dogo mno kwa sheria ile, likapona. Marehemu mume wa mama alilinunua miaka ya tisini.

"Karibu, fundi. Umekula?"

"Shikamoo, mama. Nimekula njiani."

"Ya njiani si chakula." Nikaletewa chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Meno yangu ya pwani yalijitahidi.

Kisha akafunua kitenge kilichotundikwa ukutani nyuma ya duka. Sefu hii hapa. Kimo chake kinanifika kifuani, imepakwa rangi ya kijani juu ya nyeusi, na imejengewa ukutani kwa matofali pande mbili. Kibao cha shaba nilikifuta kwa kidole: Milners' Safe Company, Liverpool.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza, na huwa siianzi kwenye tundu la ufunguo. Naanza kwenye chumba. Nilipanda ngazi nikagonga dari: mbao. Nikapima ukuta: tofali moja. Dirisha la nyuma lina nondo nyembamba ambazo mtu mwenye msumeno na uvumilivu angezimaliza kabla ya adhana ya alfajiri. Mlango wa sefu una tundu moja.

Benki haijengwi hivyo. Chumba cha fedha cha benki kina zege juu, chini na pande zote, na mlango wake una kufuli mbili zenye funguo mbili, mmoja unakaa mfukoni mwa meneja na mwingine mfukoni mwa keshia mkuu. Mtu mmoja hafungui benki, hata awe mwaminifu namna gani. Ndiyo maana zamani meneja akiugua, foleni ilisubiri. Kufuli moja maana yake mfuko mmoja: huyu alikuwa tajiri wa pesa zake mwenyewe.

Kuna jambo la pili. Masefu ya namna hii yalitengenezwa kwanza kuzuia moto, mwizi alifuata nyuma. Kati ya bati la nje na la ndani hujazwa unga wa mbao uliochanganywa na shabu (alum). Shabu ikipata joto kali hutoa maji yaliyojificha ndani yake, unga ukalowana, na karatasi za ndani zikapona. Anayeogopa moto kuliko mwizi ni mtu wa daftari. Mwenye hofu ya mwizi huficha noti, lakini mwenye hofu ya moto anaficha orodha ya wanaodaiwa.

Nilimweleza mama yote haya. Akasikiliza kwa adabu. "Lakini ilikuwa benki, fundi. Kila mtu anajua."

"Mnategemea kuna nini ndani?"

Akashusha sauti. "Watu wanasema rupia."

Nilijua tu. Nchi hii ina ugonjwa wa rupia ya Mjerumani: matapeli wanazunguka na sarafu wakidai ile ya kweli huvuta mchele, na watu wenye akili zao wanamwaga mchele mezani kusubiri. Msingi wa ndoto upo, sikatai. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana Wajerumani, karakana ya reli Tabora iligeuzwa kiwanda cha fedha, ikagonga vipande vya dhahabu vya rupia 15, vyenye picha ya tembo aliyesimama mbele ya mlima. Vilitoka zaidi ya 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Leo kimoja tu kingenunua vitenge vya duka zima. Ila toka Tabora hadi nyuma ya pazia la mama huyu ni mbali.

Tundu la ufunguo lilikuwa na msumari uliokatikia ndani. Kuna mtu alishajaribu kabla yangu, na hakuwa fundi.

Jumatano: mjini kwa miguu

Mama alikataa nitoboe mchana. "Mteja hanunui kitenge kwenye kelele." Basi kazi itakuwa usiku, duka likifungwa. Akanikabidhi kwa jirani yake, babu mmoja aliyekuwa tarishi wa benki kuanzia 1969 hadi alipostaafu. Amevaa koti la suti kwenye joto lile na kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesema haikuwa benki?"

Habari Mwanza haihitaji bando.

Tukaanzia kwenye mnara wa saa, ambako kibao kinakumbusha kwamba 3 Agosti 1858 Speke, mpelelezi wa Kiingereza, aliliona ziwa akiwa kilima cha Isamilo. Babu hakusimama. "Wavuvi walikuwa wanalitazama," alisema, akavuka barabara bila kuangalia bodaboda.

Alichotaka nikione ni upande wa ziwa. Ukitaka kujua benki za Mwanza zilikujaje, alisema, sahau benki, fuata pamba. Wajerumani waliweka kituo hapa 1892. Reli ya Waingereza ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli zikaanza kubeba mizigo ya pwani hii kuvuka ziwa, na kwa miaka mingi Mwanza ilifanya biashara kupitia Kisumu na Mombasa kuliko kupitia Dar es Salaam, mpaka reli yetu kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928. Waliokuwa na fedha siku zile ni wafanyabiashara. Allidina Visram, aliyefariki 1916, maduka yake yalilizunguka ziwa hili: ananunua ngozi, karanga na pembe, anauza nguo na chumvi, anakopesha wenye maduka wadogo, anatumiwa fedha za watu wengine azifikishe mbali. Ukiangalia kazi hizo moja moja, hiyo ni benki. Haina kaunta tu.

Nikamwambia babu: basi tunakubaliana. Mwanza ilikuwa na masefu kabla ya kuwa na mabenki.

"Hatukubaliani," alisema. "Endelea kutembea."

Barabara ya Kenyatta ndiyo uchochoro wa fedha wa mji huu, na babu aliipita kama mtu anayekagua shamba lake. Hakuonyesha mabango, alionyesha mabaka. Mahali herufi za jina la zamani zilipong'olewa ukutani na plasta mpya haikushika rangi sawa. Ngazi tatu za jiwe mbele ya mlango, kwa sababu benki za Waingereza zilipenda mteja apande kidogo kabla ya kuomba. Madirisha ya chini yenye kingo juu ya kimo cha mtu, mwanga uingie, macho yasiingie. Mimi nilitazama bawaba. Jengo likishabadilishwa kuwa duka la simu watang'oa kaunta, watapaka rangi, watatundika dari ya gipsamu, lakini mlango wa chumba cha fedha wanauacha. Kuung'oa ni kubomoa nyumba. Kwenye duka moja la viatu niliona mlango wa chuma wa unene wa kiganja, umefunguliwa moja kwa moja, umetundikwa ndala.

Hapo babu akasimama, akanisimulia 1967 kama alivyosimuliwa na waliomtangulia kazini. Azimio la Arusha lilitangazwa Jumapili, 5 Februari. Jumatatu yake mabenki yote binafsi yakawa mali ya umma: Barclays, Standard, National and Grindlays, Bank of India, Bank of Baroda na wenzao. Mwezi huohuo ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Wateja walikuja kutazama kama fedha zao bado zipo. Zilikuwepo, kwenye sefu ileile, keshia yuleyule, kitu kipya kikawa mhuri.

"Mimi nilipoajiriwa," babu alisema, "bado tulikuwa tunatumia bahasha za benki ya zamani. Tunakata jina kwa kalamu, tunaandika NBC juu yake. Karatasi haitupwi kwa sababu ya siasa."

Kazi yake ilikuwa kupeleka bahasha hizo. Msimu wa pamba, alisema, hakuna aliyelala. Kijijini mkulima hataki hundi, anataka noti aishike, na noti lazima zitoke mjini zifike kwenye vituo vya kununulia kwa magari, kwa vumbi, kwa askari mmoja aliyesinzia. Na kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi wa mizani. Wakulima wa Usukuma walichoka kupunjwa uzito na wanunuzi, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na kutoka hapo vikakua vyama vya msingi, kisha 1955 vikaungana kuwa shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani. Wakanunua hadi viwanda vya kuchambulia pamba. Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha wa nchi. Aliyeanza kwa kugombea mizani ya pamba akaishia kushika mizani ya taifa. Hilo babu alilisema mara mbili, nadhani ni lake, amelitunza.

Vyama vilivunjwa 1976, vikarudishwa miaka ya themanini. Benki ikabaki moja karibu peke yake hadi sheria ya 1991 ilipofungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka 1997 NBC ikakatwa vipande, benki ya NMB ikatoka humo. Mwaka 2000 hisa nyingi za NBC iliyobaki zikauzwa kwa benki ya Absa ya Afrika Kusini, na 2005 Barclays wa Uingereza wakanunua hisa nyingi za Absa yenyewe. Babu alisimama katikati ya njia kunihesabia kwa vidole: Barclays walinyang'anywa 1967 ikatengenezwa NBC, na miaka 38 baadaye Barclays wakajikuta ndio wakubwa wa NBC.

"Nilikuwa nimestaafu," alisema. "Nilicheka mpaka mke wangu akaniuliza nani kafa."

Tulimalizia Posta. Hapo ndipo alipoweka hoja yake. Watu wake, alisema, hawakupanda zile ngazi tatu za jiwe. Walikwenda dirisha la Posta na kitabu cha akiba, mfumo ulioanza 1925, wakaweka shilingi mbili, wakagongewa mhuri. "Wewe unatafuta benki kwenye mlango wa chuma. Sisi tunaita benki mahali fedha inapolala na asubuhi unaikuta. Kama mafuta ya koroboi yalinunuliwa kwa mkopo pale dukani kwa mama, palikuwa benki."

Sikuwa na jibu. Nikamnunulia soda.

Usiku nilitoa msumari. Ilinichukua saa tatu nzima kwa kipande cha sentimita mbili. Nilipowasha drili, umeme ukakatika.

Alhamisi: Mwaloni

Mchana huu nilikwenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kwa sababu nilitaka dagaa wa kupeleka nyumbani. Magunia yamepangwa hadi juu, harufu inakushika koo, wanunuzi kutoka Kongo wanabishana kwa Kiswahili cha kwao chenye madoido. Fedha inayopita pale kwa siku sijui hata nisemeje, na sikuona tawi hata moja la benki katikati ya magunia. Niliona miavuli ya mawakala. Mama mmoja chini ya mwavuli alikuwa na simu tano, daftari la kurasa zilizojikunja kwa unyevu, na mkoba uliofungwa kiunoni chini ya kanga. Visram angemwelewa mara moja.

Usiku: nilitoboa tundu la milimita 6 kando ya kufuli. Bati la kwanza likapita vizuri. La pili lilikula biti tatu. Kisha drili ikazama ghafla na unga ukaanza kutoka, wa rangi ya kahawia, umeshikana kwa unyevu. Niliusugua kwenye vidole. Mbao iliyokatwa Uingereza kabla babu hajazaliwa, inamwagika sakafuni Mwanza. Mama akachukua ufagio.

Ijumaa

Leva sita. Hilo ndilo nililoliona kwenye kamera, na usiku wote sikufanya jambo jingine zaidi ya kulitazama.

Kufuli ya leva ni vibamba vilivyopangwa kama kurasa, kila kimoja na mwanya wake. Ufunguo sahihi hunyanyua kila kibamba kwa kimo chake hasa, mianya ikapangana mstari mmoja, na komeo likapata njia. Ukinyanyua kimoja zaidi ya wenzake, umefunga badala ya kufungua. Ziwa lilikuwa limefanya kazi yake: vibamba viwili vimeshikwa na kutu. Niliweka mafuta, nikasubiri. Nikaweka tena. Nililala juu ya majora ya vitenge, na asubuhi mama akaniambia nimechagua ya bei ghali.

Jumamosi: inafunguka

Asubuhi nilikaa barazani nakata ufunguo kwa tupa. Unakata jino moja, unajaribu, unasoma alama iliyoachwa na kibamba kwenye chuma kilichopakwa masizi ya mshumaa, unakata tena unywele mmoja. Haina haraka, na ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda. Watu walipita wakisalimia salamu ya asubuhi ya Kisukuma: "Mwangaluka." Mchana ulipoingia nikawa bado nimekaa, wakaacha kusalimia.

Babu alikuja na kiti chake. Alikuwa na nadharia kuhusu ufunguo. Mwaka 1983, alisema, serikali ilipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu waliogopa kukutwa na mali. Usiku watu walitupa sabuni, khanga, magunia ya sukari, hata noti. Mwenye duka hili atakuwa alifunga sefu, akatembea hadi ziwani, akautupa ufunguo. Aliisimulia vizuri mno, mpaka dada wa duka la jirani aliacha kuosha vyombo.

Saa mbili usiku, duka limefungwa, nikaingiza ufunguo kwa mara ya kumi na kitu. Ukazunguka robo. Nikaurudisha, nikaupaka mafuta, nikazungusha tena kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa unatetemeka na sikutaka waone. Komeo likarudi nyuma kwa sauti ya mtu anayeweka kitabu kizito mezani. Mlango haukufunguka, rangi ya kijani ilikuwa imeugundisha. Nikaikata kwa kisu mzunguko mzima. Mama alikuwa anasoma dua. Babu alikuwa ametoa kalamu.

Rafu tatu. Ya juu ilikuwa na vitabu vya hesabu ambavyo unyevu umevifanya tofali moja la karatasi. Shabu ile inayoleta maji wakati wa moto, ikikaa na unyevu miaka yote hii, huwa inaozesha kile ilichowekwa kukilinda. Nilitenganisha kurasa mbili kwa kisu: tarakimu za wino wa zambarau, safu ya ratili, na herufi za Kigujarati ambazo hakuna kati yetu aliyezijua. Pamba, au ngozi. Mtu wa daftari, kama nilivyosema.

Ya kati: muhuri wa mpira uliokauka ukawa kama jiwe, na senti za tundu, nyingi, zimetungwa kwenye waya kama shanga. Babu aliziona akasahau miaka yake. "Hizi tulizifunga shingoni tukitumwa dukani!" Tukazisoma kwa tochi ya simu. Nyingi za Mfalme George. Moja ya 1936 ya Edward VIII, ambaye alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja. Sarafu za tundu zilikuwa hazina uso wa mfalme, hivyo jina lake likawahi kugongwa. Ya mwisho kabisa ilikuwa ya 1964.

Nikamtazama babu, naye akanitazama, kwa sababu wote wawili tulijua maana yake. Benki Kuu ilifungua milango 14 Juni 1966, na sarafu za Tanzania zikaanza kutoka mwaka huohuo. Humu hakuna hata moja ya Tanzania. Sefu hii ilifungwa mara ya mwisho fedha yetu haijazaliwa, au ndiyo inatambaa. Mwaka 1983 ilikuwa imeshalala miaka kumi na kitu.

"Labda alipenda za zamani," babu alisema.

"Na rupia?" mama akauliza.

Hakukuwa na rupia. Nikamwambia, kama faraja, kwamba rupia iligawanywa mafungu 100 mwaka 1904 na kila fungu likaitwa heller, na sisi tukalifanya hela, kwa hiyo kila akihesabu hela jioni anahesabu za Mjerumani. Hakufarijika.

Rafu ya chini ilikuwa na kisanduku cha bati cha biskuti. Ndani ya kisanduku kulikuwa na kitambaa cheupe kimefungwa fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na ufunguo wa sefu. Wa akiba. Kiwandani hutoka mbili, na mwenyewe aliuweka huu mahali ambapo mwizi asingeufikia. Niliuingiza kwenye tundu, ukazunguka laini kama umetiwa siagi. Niliweka wangu, uliotoka jasho la siku mbili, kando yake: meno matano sawa, la sita nimekosea unywele. Ndiyo maana ulikuwa mgumu.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Katika miaka yangu ya kazi hii ni mara ya nne.

Jumapili: kuondoka

Asubuhi niliziba tundu langu kwa pini ya chuma kigumu, nikaisawazisha kwa tupa, nikapaka rangi ya kijani iliyobaki dukani. Mama alikuwa ameshauliziwa bei ya chuma chakavu na akakataa. Anataka kuhifadhia daftari la waliochukua vitenge kwa mkopo. Nilimwonyesha atoe kwanza ule unga uliolowana, na aweke mfuko wa mkaa mkavu ndani. Funguo mbili nikamkabidhi, nikamwomba kwa heshima zote zisikae pamoja, na hasa zisikae ndani.

Babu alikuja kuaga akiwa na koti lake. Ameamua kwamba wote tuko sahihi: ilikuwa benki ya mtu mmoja. Nikakubali, basi la saa tano halingojei mjadala.

Wateja wawili waliingia, mtu na mkwewe, wakaiona sefu imefunguliwa, wakashangaa.

"Hii ilikuwa benki ya Wajerumani," mama akawaambia, akipima yadi. "Fundi katoka Dar kuja kuifungua."

Kisha akanigeukia, akavuta pindo la kanga yake, akalegeza fundo kwa meno, na kutoka humo akanihesabia malipo yangu, noti moja moja, zikiwa bado na joto.